Karatasi ya Binti Mhina

Mjukuu wangu Saidi,

Marahaba, salamu zako zimenifikia hapa Mlingotini. Sote tu wazima, na mama yako kajifungua salama mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini wazee huniita Faida, ilhali mimi ni Mwanahawa. Faida ni jina nililopewa na aliyeninunua. Ya nyuma yake niachie mwenyewe.

Kabla Wajerumani hawajapandisha bendera Bagamoyo, bibi aliyenimiliki aliniacha huru, akanipeleka kwa kadhi niandikiwe hati. Jina nikachagua Mwanahawa.

"Binti nani?" kadhi akauliza.

Bibi akanitangulia kujibu. "Andika binti Abdallah, kama walioachwa huru wote."

Nami nikasema, "Baba yangu ni Mhina, wa Miono."

Kadhi akaweka kalamu chini. "Yu hai?"

"Sijui, shehe."

Akaishika tena kalamu, akaandika binti Mhina. "Akija kukutafuta," akasema, "akukute."

Baba hakuja. Ila miaka mingi baadaye kaka yangu alipita mjini akimuulizia binti Mhina, watu wakamleta hadi mlangoni kwangu. Tulishikana mikono.

Mungu akuhifadhi huko uliko.

Bibi yako,
Mwanahawa binti Mhina