Neno Moja Kwenye Mirihi

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini u mzima huko chuoni na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Moyo wangu ndio unaofoka, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Unakumbuka nilikuambia kwamba mimi na Twiga, yule rafiki yangu mrefu, tunachunguza kama zile nuru za rangi zinazocheza angani karibu na ncha za dunia zinaweza kutokea kwenye sayari nyingine. Tuliiuliza kila sayari maswali mawili: una hewa? Una sumaku? Maana chembe kutoka kwenye jua huelekezwa na sumaku, zikaigonga hewa, hewa ikang'aa. Mshtarii na Zohali zilijibu ndiyo mara mbili. Mirihi ina hewa kidogo, lakini sumaku yake ilikufa zamani, basi ubaoni tukaandika kwa rangi "Hakuna". Mwalimu wa fizikia alifurahi mno. Ubao wetu ukatundikwa ukumbini kumsubiri afisa elimu.

Kabla mgeni hajafika, Twiga akaja mbio na kitabu cha maktaba. Kumbe miamba ya Mirihi bado ina sumaku vipande vipande, na chombo kilichotumwa huko kimekwisha kuiona nuru juu yake. Tulikuwa tumekosea! Nilifurahi, Dada, kwa sababu jibu hilo lilikuwa zuri kuliko letu. Tukamkimbilia mwalimu na brashi mkononi. Akatuambia rangi imeshakauka, na mgeni hatajua tofauti.

Mgeni alipokuja, kidole chake kikaenda palepale. Akauliza kama kweli Mirihi ni giza tupu. Mwalimu akajibu kwamba ndivyo wanafunzi wake walivyothibitisha. Wanafunzi wake! Nikanyoosha mkono, nikasema hatukuthibitisha, tulikosea, na mwalimu anajua. Yeye akacheka. Akamwambia mgeni asinijali, nimeingiwa na woga tu, tangu mdogo nikiona wageni nachanganya mambo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Twiga akatazama viatu vyake. Sasa wavulana wananiita Mirihi, na kila asubuhi wananiuliza kama leo nina hewa.

Umeona kwamba mwalimu huyo sijamwita Baba hata mara moja. Shuleni tumezoea, yeye mwalimu na mimi mwanafunzi. Lakini tangu siku ile hata nyumbani namwita Mwalimu. Namtengea chakula, nasema karibu, Mwalimu. Mama amenikemea, anasema namwaibisha mzazi. Na mimi je? Mambo ya utoto wangu aliyajua kama baba, akayatumia kama mwalimu. Hilo ndilo linalonichoma.

Jana nikifagia sebuleni nilikuta kile kitabu chini ya mto wa kiti chake, kimekunjwa kwenye ukurasa wa Mirihi.

Wewe anakusikiliza. Mwambie sitaki aniombe msamaha. Brashi nimeiosha, iko dirishani. Afute neno moja tu kwenye ubao ule, lile "Hakuna", kwa mkono wake, nami nitamwita Baba mbele ya shule nzima.

Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Mwalimu hakutoa salamu, nami sikumwomba.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye hewa na sumaku.