Mlango unangoja mtandao

Mama Pretty, nimechoka hata kushika simu. Mlango mpya wa binti yangu Kellen ulinifungia ndani, mjukuu wangu Gwiza akiwa nje kwenye mkeka, juani.

Niliingia kuchukua chupa ya maziwa tu. Ukajifunga. Hauna ufunguo, unafunguliwa kwa simu, na intaneti imekatika.

Nampigia Kellen kazini. "Mama, vumilia, mlango unangoja mtandao."
Mtoto analia, mlango unangoja mtandao.

Auma jirani akaruka ukuta. Akamfunga Gwiza mgongoni, akamleta dirishani. "Bibi huyu hapa, muone." Nikapitisha chupa kwenye nondo.

Mlango ulipojifungua, Gwiza alishalala mgongoni mwa Auma. Sikumwamsha.

Kellen anasema ni kwa usalama wetu. Nimeuwekea mlango jiwe, usijifunge tena.