Zoezi Nililoliandika Ubaoni Siku Ambayo Hukuja

Dada Furaha,

Nimeichana barua hii mara tatu, maana kila nikianza najikuta nakusifu, na sikukaa chini ili nikusifu. Nilikuonea wivu. Nilianza wiki ileile uliyoletwa shuleni kwetu Gungu, mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwenye mkoba mmoja, ukakubaliwa kujitolea kufundisha insha darasa la sita, darasa lililokuwa langu peke yangu.

Mimi nilikuwa nimewapa "Faida za Ng'ombe", kama nilivyopewa na mwalimu wangu kule Kidahwe. Ulipekua madaftari, insha zote zimefanana, ukaniuliza kwa upole, "Mwalimu, batoto banaandikia nani?" Nikasema wananiandikia mimi, nani mwingine? Hukubisha. Kesho yake ukawaambia wamwandikie yule mama wa Bangwe aliyetuuzia dagaa wenye mchanga, wamshawishi aanikie juu ya chanja badala ya mchangani, na kila mmoja atafute sababu ambayo mama yule ataijali, si ya kumfurahisha mwalimu. Barua ukazipeleka mwenyewe, ukamsomea. Jibu lake ulilileta darasani: "Waambie nimesikia, ila chanja watanijengea wao?" Watoto walicheka, kisha wakaandika tena bila kuambiwa. Hata Zuberi, ambaye kwangu hakuwahi kupita mistari mitatu, alijaza kurasa mbili. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Nikaamua kukushinda. Siku uliyougua malaria, niliandika ubaoni: "Eleza kwenu ni wapi hasa, na mlifikaje Kigoma." Niliona nimekupiku, mada ya maisha yao wenyewe! Nilisahau kwamba siku zile wageni wasio na kibali walikuwa wakikamatwa mjini na kupelekwa kambi ya wakimbizi, na kwamba kila nyumba yenye wageni ilikuwa imewakaririsha watoto jibu la kumpa yeyote anayeuliza. Watoto hao waliandika jibu hilohilo la kujifanya wenyeji, neno kwa neno: sisi ni Waha wa Kasulu. Asubuhi iliyofuata nusu ya darasa haikuja. Mama mmoja alisimama mlangoni, hata salamu hakutoa. "Mwalimu, hizo karatasi munazipeleka kwa nani?"

Wewe ulikuwa umerudi kazini asubuhi hiyo, bado unatetemeka. Mwalimu mkuu akatuita wote wawili, akauliza nani katoa zoezi lile, huku macho yake yakiwa kwako. Nikanyamaza. Neno moja tu lingetosha, nami sikulitoa, kwa sababu moyoni nilikuwa nafurahi kwamba kwa mara ya kwanza anayeonekana kuharibu ni wewe. Ulinitazama mara moja, ukasema utakwenda kuongea na wazazi.

Siku tatu ulizunguka nyumba kwa nyumba, ukiwarudisha watoto. Siku ya nne ulikutwa njiani na polisi, ukaulizwa kibali cha kuishi nje ya kambi, na jioni ulikuwa kwenye lori la kwenda kambini. Darasa lilijaa tena. Mimi nikalichukua.

Siku hizi nawafundisha walimu vijana. Nawaambia kabla ya kutoa zoezi wajiulize nani ataisoma insha hiyo, mtoto anataka nini kwa msomaji huyo, na atapata hasara gani akisema kweli. Wanaiita njia ya Mwalimu Tausi, kwa jina langu. Sijawahi kuwasahihisha, na bado nakuonea wivu, kwa sababu sifa zote hizo najua ni zako.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mwalimu mkuu, sasa ni mzee mstaafu. Nikamwamkia, nikamwambia zoezi lile lilikuwa langu.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Ubao ulikuwa haujafutwa. Mwandiko wako naujua."

Nikamuuliza kwa nini basi aliacha lawama zikuangukie wewe.

"Wewe ulikuwa mwajiriwa. Yule mwenzio angeondoka tu siku yoyote."

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipokumbuka. Asubuhi ile ulipita darasani kabla ya kuitwa ofisini, Dada. Ubao uleule uliuona, na mwandiko wangu uliujua kuliko yeye, maana ndio uliokuwa ukikusahihishia Kiswahili chako kila siku. Ulijua, na bado ukaenda kugonga milango kwa ajili ya kosa langu.

Sijui uko ng'ambo au uko wapi. Popote ulipo, wivu nimebaki nao, ila sasa nauonea moyo wako.

Mimi mwalimu mwenzio niliyenyamaza,
Tausi