Chura wa Mafiga na Kiti Changu cha Mlangoni

Mwanangu Rehema, uliyeko Turiani,

Pokea salamu zangu kwanza, aibu yangu inakuja nyuma yake. Mimi ni mzima, ila miguu ndiyo ile ile inayolalamika mvua ikitaka kushuka kutoka mlimani. Chipsi zangu bado hazina mpinzani Mafiga nzima, na hilo si mimi ninayelisema, waulize wanaozila.

Unaona? Nimeshaanza. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu nikitaka kukwambia jambo hili, mdomo wangu unakimbilia kujisifu, halafu mtandao unakatika na wewe unabaki hujui kitu. Nakala ya barua hii nitaibandika ubavuni mwa kabati la gemu la chura, ili kila anayesubiri chipsi aisome. Nilijisifu mbele ya watu, basi na aibu niione mbele ya watu hao hao.

Unakumbuka siku ulipoleta zile TV za zamani za chogo walizozitupa watu? Mama Happy jirani yetu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Rehema, mtoto amesomea ufundi wa umeme kumbe anafungua jalala?" Nami nikamjibu kwamba mwanangu akigusa jalala linageuka dhahabu. Ukachonga makabati yako ya mbao, ukaweka TV ndani, ukapachika vitufe vyekundu na kile kifimbo cha kuongozea. Mimi wa darasa la saba nilikushikia tochi ulipokuwa unaunga nyaya, na mpaka leo nawaambia watu kwamba tulitengeneza pamoja. Wewe hukuwahi kunisahihisha.

Ukanieleza taratibu, kama mwalimu. "Haya ni magemu ya zamani, Mama. Watu wazima wanayapenda kwa sababu yanawakumbusha ujana wao. Mimi nataka kujua wasio na cha kukumbuka watapenda lipi. Tena siwataki wale mabingwa wanaoshinda na pedi za gemu mkononi. Namtaka mpita njia. Kijana anayesubiri chipsi ziive."

Basi likawekwa gemu la chura anayevuka barabara, pale mlangoni mwa banda langu la chipsi, penye mwanga. La ndege inayopiga madude yanayoshuka kutoka juu ukaliweka kule pembeni, penye giza. Siku ulipoondoka kwenda kutafuta chumba cha magemu Turiani ukanishika mkono ukasema, "Mama, wewe ndiye macho yangu hapa. Niangalizie wanapenda lipi. Watakalolipenda ndilo nitakalolitengeneza kwa ajili ya Turiani."

Macho yangu! Mwanangu, neno hilo nililitembeza Mafiga yote. Nililipeleka sokoni, nikalipeleka kwenye kikao cha harusi, hata kwenye foleni ya maji halikusalimika. "Mimi sasa ni mtafiti. Binti yangu hafanyi kitu mpaka nimwambie." Nikachukua kile kiti cha mbao chenye mito, nikakifunika kitambaa changu cha kufuma, nikakaa mlangoni, karibu kabisa na chura, ili nisipitwe na kitu. Nilikaa kama mgeni rasmi.

Nikaangalia. Kila kijana akiingia ananisalimia shikamoo, namwitikia marahaba, namuuliza yeye ni mtoto wa nani, anasoma au anafanya kazi gani, mama yake anaendeleaje na ile presha. Halafu namweleza habari zako kidogo. Akishatoka hapo anakwenda moja kwa moja kule pembeni kwenye ndege. Wote hivyo hivyo! Wavulana wa bodaboda, wasichana wa chuo, wote wanampita chura kama hawamwoni. Ulipopiga simu nikakujibu kwa sauti ya juu, Mama Happy asikie: "Chura hana watu, mwanangu! Ndege ndiyo mpango mzima. Vijana wa siku hizi wanapenda vita." Ukaniuliza, "Una hakika, Mama?" Nikakujibu, "Mimi nina hakika kuliko nyinyi mliosoma."

Ukaniamini. Ukatengeneza makabati ya ndege, ukayapakia, ukaenda nayo Turiani.

Nilianza kusikia sauti yako inapungua. Ukaniambia vijana wanaotoka mashambani wanaingia, wanashika vitufe, wanakufa mara moja, wanaondoka. Wanasema linawachanganya. Mara ukasema TV moja imeungua. Na ile simu ya mwisho, mwanangu, sitaisahau: "Labda kosa si la Turiani, Mama. Labda mimi ndiyo sikuumbiwa kazi hii. Nikija Mafiga nitamfungua chura, nichukue TV yake nijaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, haya makabati nitayafanya ya kuwekea vyombo." Nikakujibu upesi kwamba watu wa Turiani ni washamba, hawajui kizuri. Mungu anisamehe, na watu wa Turiani nao.

Siku chache baadaye nikapanda Kinole kwenye arobaini ya mjomba wako. Banda nikamwachia Mama Happy. Unamjua, hana habari na magemu. Kiti changu hata hakukikalia, alikaa nyuma huko na karai lake la maandazi, mgongo kwa watu.

Nikarudi na ndizi zangu kichwani, mbichi, nzito, na baridi ya mlimani bado imo kwenye kanga. Nilipitia njia ya mfereji, ile inayotokea nyuma ya banda. Nikasikia kelele. Nikadhani wanapigana.

"Ngoja lori! Ngoja! Sasa! Sasa, we mzembe!"

"Usirudi nyuma, utalaliwa!"

"Aaah! Kalaliwa! Kawa chapati!"

Kicheko chake, Rehema, ungedhani ni uwanja wa mpira. Nikachungulia. Vijana wamejaa kwa chura. Yule Shabani wa bodaboda ameshika kifimbo, wasichana wa chuo wamemzunguka, mmoja anaruka ruka na mfuko wa chipsi mkononi. Kwenye ndege, hakuna hata nzi.

Nikaingia. Natamani nisingeingia.

"Shikamoo, Mama."

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Shikamoo."

Sauti zimeshuka kama msikitini. Mmoja akakumbuka ana abiria. Wasichana wakajifunga mitandio yao vizuri. Wengine wakasogea kule pembeni, kwenye ndege, wakaanza kubonyeza kimya kimya. Shabani akaachia kifimbo, na yule chura akabaki peke yake katikati ya barabara mpaka lori likampitia. Nililiona kwa macho yangu haya niliyoyasifu.

Nikamuuliza Mama Happy, "Kuna nini hapa?"

Akageuza andazi kwanza. "Shoga, mimi nilidhani unajua. Kile si kiti, ile ni mahakama. Mtoto wa watu ametaka chipsi na kucheza kidogo, wewe unamuuliza ataoa lini."

Nikamwita Shabani. Alikuja anaangalia viatu vyake.

"Mama, utakasirika."

"Sema, nimeshakasirika tayari."

"Chura anataka kelele, Mama. Ukigongwa lazima upige ukelele, wenzako wakucheke, na wewe uwacheke wakigongwa. Ndiyo utamu wake. Sasa mimi nitapigaje ukelele umekaa hapo? Jioni si utamwambia mama?"

"Na ndege mnaipendea nini?"

"Ile tunakupa mgongo tu, Mama. Wala hatuielewi sana. Inataka ukae nayo mpaka uizoee, na mimi abiria akiniita siwezi kumwambia ngoja nimalize vita. Chura hata hufundishwi. Nani hajui kuvuka barabara?"

Msichana mmoja wa chuo akadakia kwa mbali, "Na ukifa ni kosa lako, unaona kabisa umejitakia. Unasema hebu mara moja tu tena."

Basi hayo ndiyo majibu uliyonituma, mwanangu. Ni ya kwao, mimi sijaongeza chumvi. Walikuwa nayo siku zote, ila mimi ndiye niliyewaziba mdomo kwa marahaba zangu.

Nilikaa jikoni nikamenya viazi vingi kuliko vinavyohitajika. Nilikuwa nakumbuka Msamvu. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule, tunateremsha ndizi mjini, na lazima tuvuke ile barabara kubwa ya malori. Mkungu ulikuwa kichwani mwangu, shingo siwezi kuigeuza huku wala huku. Wewe umeshika pindo la kanga yangu, unaangalia kulia, unaangalia kushoto. "Bado, Mama. Bado. Basi linakuja. Bado." Halafu unavuta kanga: "Sasa, Mama!" Nami natembea. Sioni kitu, natembea tu, kwa sababu mtoto wa kimo cha goti amesema sasa. Watu wa pale walikuwa wananigombeza, "Wewe mama, unavushwa na mtoto?" Nikawajibu kwa maringo, huyu si mtoto, haya ni macho yangu.

Siku zote zile hukuwahi kuniambia sasa wakati lori lipo. Zamu yangu ilipofika, nimekaa kwenye kiti cha mito, shingo yangu nzima, sina mzigo kichwani, nikakwambia vuka. Nikakupeleka katikati ya barabara.

Hapo ndipo penye aibu yangu. Vijana kunikimbia, hilo nalimeza. Naona haya kwa kuwa ulianza kujitilia shaka wewe, mtoto mwenye mikono ile, na mimi nikakuacha ujitilie shaka ilimradi mimi nisionekane nimekosea. Nimeshindwa kumtazama Mama Happy. Nimeshindwa hata kuitazama picha yako ya mahafali pale ukutani, niliitundika juu ili kila mteja aione, sasa inaniona mimi.

Naomba radhi, mwanangu, mama yangu mdogo. Na naomba bisibisi yako usimguse nayo chura.

Ukitaka TV, chukua ya chumbani kwangu, nayo ina chogo kubwa kuliko zote, mimi tamthilia nitafuata kwa Mama Happy. Makabati ya ndege usiyageuze ya vyombo. Badilisha gemu lililomo, weka chura, halafu uyasogeze mlangoni penye mwanga, watu waonane na wachekane. Na ukipata mama mtu mzima wa kukulindia banda huko Turiani, mzuri, mwenye heshima zake kama mimi, mkalishe nyuma.

Kiti changu nimekihamishia jikoni, karibu na ndoo ya viazi. Kitambaa cha kufuma nimekiondoa, kinashika mafuta. Sasa wanapiga kelele mpaka kichwa kinaniuma, na lugha wanayotumia siisikii, nimeamua siisikii. Jana Shabani amevuka mpaka ng'ambo akapiga ukelele, nami nikapiga kigelegele kabla sijajizuia. Wakanigeukia. Halafu wakacheka wote, na mmoja akasema, "Mama naye yumo!"

Walipoondoka nilijaribu mwenyewe. Sijui kuvuka, mwanangu. Nilishika kifimbo nikajikuta nasubiri mtu avute kanga yangu, na malori yakanilaza moja baada ya jingine. Naomba uje. Usije kufungua kabati, njoo usimame hapa pembeni yangu, mimi nishike kifimbo, wewe uniambie sasa.

Ni mimi uliyenivusha,
Mama yako, wa jikoni.