Mtoto wa Mwisho Kwenye Mstari

Dada yangu Modesta,

Nimekaa siku nyingi nikitafuta namna ya kukusalimu bila kusema uongo. Shikamoo nakupa, kwa kuwa umenizidi umri, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika chaki. Hali yako siulizi. Kila Jumatano asubuhi nakusikia kwenye redio ya darasani kwangu, na sauti yako ni nzima kabisa.

Unakumbuka kule chuo cha ualimu, tukifua nguo kisimani? Tulikuwa tunafanya mazoezi ya somo huku mikono imejaa sabuni. Mimi mwalimu, wewe mwanafunzi mzito. Ulikuwa unakodoa macho, unakuna kichwa, unaniacha ningoje mpaka nashindwa kuvumilia na kulitaja jibu mwenyewe. Hapo ndipo ulipokuwa ukicheka. "Umeanguka, mdogo wangu! Mwalimu anayejijibu anaongea peke yake." Neno hilo nililibeba kuliko yote waliyotufundisha wakufunzi.

Likizo moja ulikuja kwetu Ipuli, ukakaa uani na babu yangu, Guku, aliyekuwa mpagazi wa misafara ujana wake. Alisimama na fimbo yake akatuonyesha jinsi walivyotembea kwenye njia ya Ujiji. Wa mbele akiona shimo anapaza sauti, wa nyuma yake anarudia, na wa nyuma yake, hadi wa mwisho. Wa mwisho asipoitikia, mizigo inashushwa, wote wanasimama.

"Guku," ukamtania, "na kama wa mwisho amekufa?"

"Tunarudi kumzika. Kwani wewe ungemwacha?"

Ulicheka mpaka ukamwaga uji. Mimi niliondoka pale na somo zima kichwani.

Darasa langu la pili nililifundisha kusoma hivyo. Watoto wanapanga mstari ukutani, wa kwanza anasoma sentensi ubaoni, wenzake wanaipokea mmoja mmoja, na hatuendi sentensi ya pili mpaka wa mwisho awe amesema. Mwisho nilimweka Nyamizi, binti wa Mzee Masanja aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Nzega. Nyamizi ana kigugumizi. Nyumbani alikuwa hasemi, shuleni hasemi. Siku za kwanza wenzake walimsonya. "Wewe, msafara umeshafika Ujiji, bado uko Ipuli!" Lakini hawakuwa na njia ya kwenda bila yeye. Taratibu walijifunza kugeuza shingo na kungoja, na Nyamizi akajifunza kwamba kuna watu wanaomngoja. Akaanza kusema.

Hayo uliyaona kwa macho yako ulipokuja kutoka kazini kwako redioni, Dar es Salaam, na ile mashine ya kunasa sauti. Uliiweka juu ya meza yangu, ukanasa somo lote kwenye ukanda, kisha ukawasikilizisha watoto. Walipiga mayowe. Nyamizi alisogea, akaweka sikio karibu kabisa, akakuuliza, "Ni m-m-mimi huyo?" Ukamwambia, "Ni wewe, mama. Utasikika nchi nzima." Uliponiaga stesheni ulinishika bega: "Nataka walimu wote wasikie darasa linalongoja." Nilikuamini. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeolewa.

Usidhani naichukia redio. Ilipoletwa nilipanda mwenyewe ukutani kufunga waya wake. Imewaletea watoto honi ya meli bandarini, ambayo hata mimi sikuwahi kuisikia, na siku hiyo nilikaa kwenye benchi kati yao kama mwanafunzi. Nisichoweza kukileta darasani, redio ikilete, nitaishukuru. Kinachonitia shaka ni pale inapouliza swali, kwa sababu haioni ni nani amefungua mdomo. Ndiyo maana mwalimu lazima awe na ruhusa ya kuizima, hata kama Mwalimu Mkuu anasema kipindi ni amri. Haya nilikuwa nimepanga kukueleza kirafiki, tukikutana.

Kisha ikaja Jumatano ile. Nyamizi alikuja amepakwa mafuta hadi miguuni. Ukasema, "Watoto, leo tunasafiri," na tukasikia darasa letu. "Huyo Tatu!" "Saidi huyo, sikieni pua yake!" Kila aliyesikika alipigwa mgongoni na wenzake. Nyamizi alisimama, mkono kifuani, anangoja zamu yake. Saidi akamaliza, na papo hapo ukaingia wewe: "Vizuri sana! Wote wamesoma. Twende sentensi ya pili."

Wote wamesoma, Modesta.

Hakuna aliyecheka. Tatu ndiye aliyeniuliza, "Mwalimu, mbona Nyamizi hayumo?" Nilizima redio. Nyamizi aliketi, akatazama dawati. Kesho yake hakuja.

Nilikuandikia nikidhani ni ajali. Ulinijibu kwa mistari michache: "Mdogo wangu, kipindi kina muda wake. Yule mtoto anakula dakika. Tulikata kwa wembe tukaunga, hakuna atakayejua." Hakuna atakayejua! Darasa zima lilijua kabla wewe hujamaliza kusema vizuri sana. Anayenichoma ni yule msichana wa kisimani aliyeniacha ningoje mpaka povu likauke mikononi. Alikwenda wapi? Au ulikuwa mchezo tu kwako, na mimi peke yangu nikaufanya maisha?

Nimekwenda kwa Mzee Masanja. Nyamizi sasa analinda ndege kwenye mtama. Aliponiona alijificha nyuma ya ghala.

"Mwalimu," baba yake aliniuliza, "ile si mashine ya Serikali?"

"Ndiyo, mzee."

"Iliwasikiliza wote?"

"Wote."

"Ikawachukua wenzake, wangu ikamkataa. Sasa wewe unabishana na nani?"

Nilimweleza habari ya ukanda na wembe. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayemtetea ndugu yake. Haniamini, na Nyamizi haniamini. Kwao, chombo kikubwa kuliko sisi sote kimempima mtoto na kumwona hafai, na mimi ni mwalimu mwenye huruma tu.

Kwa hiyo sikuandikii ili unitake radhi. Panda treni uje. Kama kile kipande ulichokikata hujakitupa, kilete, pamoja na mashine yako. Mashine ilimsikiliza Nyamizi mpaka akamaliza, na neno lake la mwisho ililinasa. Aliyechoka kungoja ni wewe. Simama mbele ya baba yake, na mtoto akiwepo, umwambie hivyo kwa mdomo wako.

Ukishamwambia, ndipo nitajua nikuage vipi.

Aliyekuwa mdogo wako,
Ipuli, Tabora