Manjano Iliyozidi

Singida mjini,
9 Agosti 1999

Mpendwa dada Rahel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto hapo Kinyangiri, pamoja na mbuzi wako ambao najua unawapenda kuliko mimi. Mimi sijambo kiasi. Upepo wa huku ni ule ule. Tukifungua dirisha la kiwandani, karatasi zote zinahamia kwa jirani.

Bado niko kwa Urbano, kwenye mtambo wa kuchapa. Tangu soko huria liingie, kila mwenye kinu cha alizeti anataka lebo yake. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mzigo mmoja unatoka manjano imekolea, mwingine imepauka, na mafuta ni yale yale. Wateja wa Arusha wakaanza kusema yenye lebo zilizopauka ni bandia. Mwenye kinu mkubwa akatuonya kwamba zikitoka tofauti tena, kazi yake anaipeleka Dodoma. Akihama huyo, dada, sisi tunafunga.

Urbano akaleta kompyuta, akaazima Dar es Salaam kifaa cha kupima rangi, akanipa kazi ya kuutengenezea mtambo profaili. Unachapa karatasi yenye vipande vidogo vya rangi, unapima kimoja kimoja, kompyuta inajifunza tabia ya mtambo, kisha inasema kila wino uwe kiasi gani. Zamani ningemsumbua mzee Fabiano. Tulikuwa tukitazama rangi pamoja dirishani, yeye akisema bado, mimi nikisema tayari. Amestaafu, karudi kwao Kintinku. Siku hizi jioni nakula, nasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, nalala.

Basi nikabishana na kifaa. Chenyewe kinasema manjano ni sawa, mimi naona imezidi. Nikamwuliza Dorkas, anayekata lebo, kwa nini hata karatasi mpya zimekuja na umanjano. Akaniambia kwa upole kwamba ni nyeupe pee. Nikacheka, nikamwambia akapimwe macho.

Dada, aliyekwenda kupimwa ni mimi. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, ndiyo maana kila kitu nakiona kina umanjano, na sura ya mtu aliye mbali siitambui. Mtambo haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa napunguza wino kila nilipoona umezidi. Nimemweleza Urbano, naye hakunifukuza. Amesema nifuate profaili, nisiguse wino. Mzigo wa mwisho umetoka sawasawa wote, na mwenye kinu amebaki. Nilifurahi, na niliumia pia, maana mtambo hauhitaji tena jicho langu.

Nitapasuliwa mwezi ujao, tarehe sita, hapa hospitali ya mkoa. Nesi alisema nije na mtu wangu wa kunishika mkono na kuniosha uso, akaomba jina lake aandike. Nikaufikiria mji mzima. Wapo ninaosalimiana nao, wapo tunaotaniana kazini, lakini wa kuniosha uso sikumpata. Akauliza tena, nikataja jina lako. Nimelitaja bila kukuomba, nami sijakanyaga nyumbani tangu msiba wa mama. Naona aibu. Naogopa pia.

Nisalimie shemeji, watoto, na yeyote atakayeniulizia. Ukishuka kituoni ukanikuta nimekutazama na sisemi kitu, usidhani ni kiburi. Niite jina.

Mdogo wako,
Obadia