Unga wa Betri Juu ya Mti Laini

Jumatatu, 9 Agosti
Nimekamua. Nimesaga kaa la betri tena, viganja vyeusi kama sufuria. Mwanangu Masanja anapaka unga huo kwenye vibao vya mkokoteni, pale chuma cha magurudumu kinapozunguka. Mwezi jana alipaka samli yangu. Mchanga wote wa Kishapu ukaganda humo, chuma kikasagika. Mjinga. Samli nzuri ile.

Tumbo la mkewe, Kabula, limeshuka. Uzazi wa kwanza tulimpoteza mtoto njiani, mkokoteni umekwama, mama mwenyewe nusura atutoke kwa damu. Mkunga kasema safari hii ni hospitali tu. Mbali. Naogopa. Ila leo kaamka mzima. Asante Mungu.

Alhamisi, 12 Agosti
Tumejaribu mkokoteni mpaka kisimani. Kwenda, kimya. Kurudi unalia kama fisi na kibao kinatoa moshi. Nikamwaga unga mwingi. Bure. Nikamgombeza Masanja, nikawagombeza na ng'ombe. Kabula kacheka mpaka kashika tumbo. "Mayu, mama yangu, ng'ombe nao wamekosa nini?"

Nampenda mno binti huyu. Akifa sijui nitafanyaje.

Jumamosi, 14 Agosti
Kwa Lugwisha mhunzi, yule aliyehamia kutoka Geita. Mdomo mchafu, mkono safi. Kang'oa kibao, kakikwaruza. Ukucha ukazama. Kumbe Masanja kachonga mbao ya sanduku la dukani, kwa kuwa ni laini kuchonga. Mvivu!

Lugwisha akaniambia, "Unga wako hauna kosa, Mama Masanja. Umeulaza kwenye godoro. Chuma kikikandamiza, mti unabonyea, unga unapasuka. Ukiongeza, unauzika tu."

Hapo nikaelewa. Ni kama sakafu. Paka samadi juu ya udongo usiopondwa uone, kisigino kimoja tu imebanduka. Maisha yangu yote naponda kwanza ndipo napaka, na mkokoteni sikuufikiria.

Anataka mti mgumu, mpingo. Mpingo mkavu nautoa wapi sasa hivi? Nyumbani upo mmoja. Kinu alichoniachia mama.

Jumapili, 15 Agosti
Nimekipeleka. Lugwisha kanitazama, "Una hakika?" Nikamwambia pasua kabla sijakupasua wewe. Nimelia, lakini kidogo. Kinu ni kinu. Kabula ni mtu.

Patasi yake imevunjika ncha. Katukana, mimi nikafurahi. Unga kapaka kiduchu, kausugua kwa kitambaa mpaka kibao kinang'aa. Tumezunguka na mkokoteni mpaka jioni, umejaa mawe. Kimya. Tukafungua: unga upo palepale, haukuzama, haukubanduka.

Lugwisha hataki malipo. Nimempa jogoo kwa nguvu.

Jumatano, 18 Agosti
Uchungu umeanza alfajiri. Damu imetangulia, kama ile mara ya kwanza. Tumemlaza juu ya majani, tukaondoka.

Njia nzima nasikiliza magurudumu. Masanja kaanza kuimba kujipa moyo, nikamwambia funga mdomo nisikie. Kwenye mchanga wa korongo ng'ombe wakasita. Hawakusimama. Kabula kanibana mkono. "Mayu, usiniache." Nikuache niende wapi, mwendawazimu wewe?

Tumefika. Wamemkimbiza ndani. Nesi katoka, kasema tungechelewa kidogo tu tungewakosa wote wawili. Nikakaa sakafuni. Wazima. Wote wawili wazima. Asante Mungu. Asante Lugwisha. Asanteni ng'ombe, na mnisamehe yale matusi.

Ijumaa, 20 Agosti
Mtoto ni msichana. Ananyonya kwa fujo. Kabula kamaliza bakuli la uji, kaomba jingine. Masanja kalala nje, mdomo wazi. Nimefua khanga, nimezianika kwenye majani. Zinakauka haraka na upepo huu. Nimekaa karibu na kitanda. Sina la kufanya.